Goti lililovimba litolewe maji kabla ya antibiotiki

Mhariri,

Hapa Tanga goti likivimba ghafla, likawa la moto na mtu akashindwa kukanyaga, hukimbilia duka la dawa. Hupewa amoksilini na diklofenaki, hospitali akafika siku ya nne. Maji ya goti yakioteshwa maabara wakati huo, mara nyingi hakioti kitu: dawa imewadumaza bakteria bila kuwamaliza. Daktari hubaki kubahatisha, na usaha hauhitaji wiki nyingi kula gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa ya goti. Siku chache zatosha.

Wengi huogopa sindano yenyewe ya kutoa maji hayo. Mgonjwa hulala chali, taulo limekunjwa chini ya goti ili msuli ulegee. Ngozi hupakwa aidini ikaachwa ikauke yenyewe, kwani ikiwa bado majimaji haijamaliza kazi. Baada ya ganzi, sindano ya geji 18 huingizwa ubavuni, upande wa nje, ikipita chini ya pia ya goti huku bomba likivutwa taratibu. Penye jipu au kidonda haipiti, isije ikasukuma uchafu ndani. Maji yakikatika ghafla, huenda utando umeziba tundu: rudisha kidogo, geuza ncha, vuta tena.

Maji ya goti zima ni ya manjano mepesi, maandishi yanasomeka ng'ambo ya bomba, na tone lake huvutika uzi kama mlenda. Yenye ukungu, yanayodondoka kama maji ya kisima, yana shida. Lakini jicho halitoshi. Chembe nyeupe kwa kawaida hazifiki 200 kwa mikrolita. Zikipita 50,000, goti lichukuliwe kuwa na bakteria hadi ithibitike vingine. Fuwele (chembe ngumu zinazong'aa) zenye umbo la sindano ni dalili ya jongo, yaani gauti, nalo laweza kukaa pamoja na bakteria, kwa hiyo kuziona kusizuie kuotesha.

Mililita moja au mbili ziingie kichupa cha kifuniko cha zambarau kwa kuhesabu chembe, zilizobaki kwenye chombo kisicho na vijidudu, na vyote vifike maabara ndani ya saa moja.

Tunawaomba wauza dawa: goti la namna hiyo, hasa la mtoto mwenye selimundu, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo bila antibiotiki. Vituo visivyo na mtoaji maji navyo vimpe mgonjwa rufaa kwanza, isipokuwa aliyezidiwa, presha ikishuka. Huyo dawa haimngojei mtu.

Wahudumu wa afya,
Ngamiani, Tanga