Usaili usimfungie mtoto mlango wa drama

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi Wakenya wenzangu tulioko Marekani, na walioko nyumbani wanaowatafutia watoto vyuo huku.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Columbus, Ohio, na moyo wake uko kwenye drama. Septemba tuliketi na mshauri wa shule, akatupa orodha ya vyuo vinane. Vyote vilitaka usaili. Kwanza mtoto ajirekodi video akiigiza, aitume. Akipita, asafiri hadi Chicago majira ya baridi, ambako vyuo vingi hukutana mahali pamoja kuwasaili waombaji. Usiku huo nilipiga hesabu: ada ya kila ombi, ada ya usaili, petroli ya karibu saa sita barabarani, hoteli. Mimi hutunza wazee zamu ya usiku. Nisipoenda kazini, silipwi. Nikamwambia afikirie uuguzi.

Maneno hayo yananiuma hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Siku mbili baadaye aliniuliza, "Mama, kwani nani alisema nataka kuigiza?" Kweli kabisa. Miaka mitatu mtoto huyu amekuwa nyuma ya pazia. Yeye ndiye huvaa hedifoni na kuwaambia wenzake: sasa taa, sasa muziki, sasa pazia. Dakika moja ya kukariri maneno mbele ya wageni ingewaonyesha nini kumhusu?

Kumbe tulipewa orodha ya shahada ya BFA pekee, ile ambayo mwanafunzi hutumia sehemu kubwa ya masomo yake studioni na jukwaani. Iko pia BA, ambapo drama husomwa pamoja na historia, lugha, hata sayansi, na vyuo vingi havitaki usaili kwa hiyo. Northwestern, chuo kikuu kilicho kando tu ya hiyo Chicago iliyonikosesha usingizi, haimsaili anayeomba kusomea drama. Chuo cha Vassar vilevile. Wanatazama alama, barua za walimu na insha isiyozidi maneno 650. Binti yangu aliandika kuhusu giza la nyuma ya jukwaa na jinsi alivyojifunza kunong'ona kwa utulivu mambo yanapoharibika. Niliisoma mara tatu. Sikuwa nimemjua mtoto wangu hivyo.

Tena Lupita Nyong'o wetu hakuanzia mahali pa uigizaji mtupu. Alianzia Hampshire, chuo cha masomo mchanganyiko kule Massachusetts. Yale, ambako waombaji wa uigizaji husailiwa vikali, ilikuja baadaye kwa shahada ya uzamili. Alihitimu 2012, na 2014 akashika Oscar.

Lakini mzazi asidhani mlango usio na usaili ni mlango wazi. Northwestern hukataa waombaji wengi kuliko inaowachukua, kwa hiyo alama za hesabu na sayansi zina uzito hata kwa mtoto wa drama. Akishaingia, bado atasailiwa kila anapotaka nafasi ya kuigiza katika mchezo. Chuo kimoja chaweza kuwa na BA isiyo na usaili na BFA yenye usaili ndani ya idara ile ile, na ukiweka alama kwenye kisanduku kisicho chako katika fomu ya maombi, umepotea. Anayepungukiwa aombe kusamehewa ada ya maombi. Sisi tuliomba kupitia mshauri yule yule, tukakubaliwa.

Makataa ya vyuo vingi ni mwanzoni mwa Januari. Kabla hujamwambia mtoto wako aache, andikia ofisi ya udahili barua pepe yenye swali moja tu: akiomba BA ya drama kwenu, je, ni lazima aigize mbele yenu ndipo mumpokee?

Mama wa binti wa nyuma ya pazia,
Columbus, Ohio