Mumeo Amekiri: Barua kwa Mwanangu Mwanaidi

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Jana kwenye simu uliniambia mumeo amekiri kutoka nje ya ndoa, ukaniuliza, "Mama, nimsamehe au nisimsamehe?" nami nikakujibu nenda kwanza zahanati. Najua ulitaka neno jingine. Nakuandikia kwa kirefu ili uweze kusoma mara ya pili na ya tatu mtoto akilala, maana mtu aliyeumizwa hivi hashiki mambo kwa kusikia mara moja.

Naanza na mwili kwa sababu una mtoto wa miezi mitano kifuani. Mama anayepata virusi vya UKIMWI akiwa ananyonyesha ni hatari zaidi kwa mwanawe kuliko mama aliyejijua zamani na anameza dawa zake vizuri. Maambukizi yakiwa mapya, virusi hujaa kwenye damu na kwenye maziwa. Ndiyo maana sikuambii usubiri hasira ipoe. Nenda kliniki ya mama na mtoto umwambie muuguzi hivi hivi: "Mume wangu ametoka nje ya ndoa, nanyonyesha, nataka kupima." Hilo si geni kwake. Na usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Kunyonya bado ni bora kwake, na kama kuna la kubadilisha atakuambia mhudumu baada ya majibu.

Kama mlilala pamoja ndani ya siku tatu hizi, liseme hilo kabla ya yote. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Humezwa siku 28 bila kuruka. Mhudumu ndiye atakayepima kama unazihitaji, lakini hawezi kupima usichomwambia.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwani wengi hukosea. Kipimo cha haraka cha kidoleni hutafuta kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya virusi, na kinga hiyo huchelewa kuonekana. Kwa hiyo majibu ya leo hayasemi habari za wiki iliyopita, na kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu. Miezi hiyo haihesabiwi tangu siku aliyokiri. Kwake yeye inahesabiwa tangu mara ya mwisho alipokutana na yule mwanamke. Kwako wewe, tangu mara ya mwisho mliyolala pamoja bila kondomu. Mpaka majibu ya pili ya wote wawili yatoke, ni kondomu kila mara, au kila mtu na kitanda chake, na uchaguzi huo ni wako. Pimeni pamoja, majibu uyasikie kwa masikio yako. "Nimeshapima, niko salama" ya mdomo usiipokee.

Siku hiyo hiyo ombeni kipimo cha kaswende na cha homa ya ini B. Kaswende ikigundulika mapema hutibiwa kwa sindano ya penicillin, na homa ya ini B kama huna ina chanjo. Kisonono na klamidia mara nyingi hukaa kwa mwanamke bila dalili yoyote, kwa hiyo usiseme "sijisikii kitu". Ikipatikana mojawapo, mnatibiwa wote wawili kwa pamoja, na hamkutani mpaka zipite siku saba baada ya dawa. Akitibiwa mmoja, mtaambukizana upya.

Kuna na suala la uzazi. Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mtoto anapokula maziwa yako peke yake, hedhi haijarudi, na hajafika miezi sita. Kwako kinga hiyo imebakiza mwezi. Usishike mimba nyingine kwa nia ya kumrudisha mumeo nyumbani. Mtoto haponyi ndoa, na mimba itakufunga kabla hujajua unafungwa na nani.

Haya, tuje kwenye kukiri kwenyewe. Ulisema alianza mwenyewe, hukuwa umemkamata na kitu. Hilo lina uzito wake nami silidharau. Lakini muulize kwa nini amesema sasa. Wapo wanaokiri kwa kuelemewa na dhamiri. Wapo wanaokiri kwa sababu yule mwanamke ana mimba, au ametishia kukupigia, au mtu wa tatu ameshajua, au wameanza kuugua. Jibu la "kwa nini leo" litakuonyesha kama bado kuna mzigo uliofichwa nyuma.

Chagua usiku mmoja, mtoto amelala, simu zote mbili zimezimwa. Kama ukuta wenu na jirani ni mwembamba, semeni kwa sauti ya chini. Mwambie: "Usiku huu unasema yote. Nitakachokigundua baadaye, ambacho ulikijua ukanificha, nitakihesabu kama uongo mpya." Kisha muulize ni nani, na je ni mtu ninayekutana naye, ilianza lini, mara ya mwisho lini, mlitumia kondomu kila mara au la, ana mimba au hana, umemtumia pesa kiasi gani na ulizitoa wapi, nani mwingine anajua. Tarehe ziandike, kwa sababu ndizo utakazohesabia vipimo. Kinachoua ndoa nyingi baada ya kukiri ni ule ukweli unaotolewa kwa mafungu: leo "mara moja tu", wiki ijayo "mara tatu", mwezi ujao "tangu mwaka jana". Kila fungu linakurudisha siku ya kwanza, na la tatu likija huna tena pa kusimama.

Pesa usione aibu kuziuliza. Omba muangalie pamoja taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi hiyo. Angalia na madeni: mikopo kausha damu, mikopo ya kwenye simu, hisa za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, zilizotolewa bila wewe kujua. Mapenzi ya pembeni mara nyingi huisha na deni likabaki, nalo hulipwa kutoka kwenye unga wa nyumba.

Yapo ya kutouliza. Usimuulize walichofanya kitandani, wala kama ni mzuri kuliko wewe, wala aliitwa jina gani la mapenzi. Swali la tarehe linakulinda wewe na mtoto. Hayo mengine yatakuachia picha kichwani ambayo hata yeye hawezi kuifuta, na utaiona kila taa ikizimwa.

Akikwambia "shetani alinipitia", mjibu kwa upole kwamba hilo halitoshi. Shetani halipi chumba cha wageni. Alilipa yeye, siku aliyoipanga, baada ya kukuambia anafanya kazi mpaka usiku. Na akisema "nisamehe, lakini na wewe tangu ujifungue...", mkatishe hapo hapo. Kama kulikuwa na upungufu kati yenu, una haki ya kuusikia siku nyingine, kama jambo lake peke yake. Ukichanganywa na kuomba radhi, wewe ndiye utakayeishia kuomba radhi.

Umesoma madrasa, masharti ya toba unayajua: kuliacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na likiwa limegusa haki ya mja, kumrudishia mja haki yake. Hayo matatu ya mwanzo ni kati yake na Mola wake. Usijipe kazi ya kuyapima. La nne ndilo lako. Haki yako aliyoivunja ni ukweli, afya, fedha ya nyumba na amani ya kulala. Nataka uone zikirudi, moja baada ya nyingine, kabla hujatamka "nimekusamehe". Mwanamke anayetamka neno hilo wiki ya kwanza hujikuta amefungwa mdomo: akiuliza jambo mwezi wa pili anaambiwa, "Si ulishanisamehe?" Mwambie tu, "Nimekusikia. Sijaondoka, na sijasamehe. Nitakuambia."

Kulirudisha lililovunjika kunaonekana. Amwandikie yule mwanamke ujumbe mmoja mfupi wa kukata, wewe ukiwepo, usio na "samahani mpenzi", kisha namba ifungwe. Kama wanafanya kazi pamoja, aombe kuhamishwa kituo au zamu, na akuonyeshe barua ya maombi. Simu yake iwe wazi kwako bila kuombwa, lakini weka kikomo. Mimi ningeweka miezi sita. Zaidi ya hapo unageuka mlinzi wa getini, na mlinzi hapati usingizi. Akichelewa, apige kabla hujauliza. Kila ukihitaji kulizungumza tena, akae asikilize. Zawadi usizihesabu humu: kitenge kipya na simu mpya ni vyako uvae na utumie, ila havijibu swali lolote.

Wiki ya sita au ya nane ndipo penye kazi. Yeye atakuwa anaona yameisha, wewe ndio kwanza unaanza kuumia sawasawa, kwa sababu mshtuko umepungua. Atasema "mpaka lini?" kwa hasira. Asemapo hivyo mara moja, amechoka, ni binadamu. Ikiwa ndilo jibu lake kila mara, jua alichotaka ni wewe unyamaze tu. Na wewe upande wako kuna jambo la kujichunga: masimango. Ukiona kila ugomvi wa chumvi au wa hela ya gesi unaumaliza kwa "ndiyo maana ulikwenda kwa yule", basi umebaki kwa ajili ya kumwadhibu. Hapo ni heri kuachana.

Wa kumwambia ni wachache. Kwa upande wetu nimeshajua mimi, na somo yako aliyekufunda, akitaka kukusaidia kwa mawaidha. Kwa upande wake, mtu mzima mmoja anayemheshimu; ami yake aliyekuja kuposa anafaa. Kaka zako usiwaambie sasa. Wanakupenda, na kwa sababu hiyo hiyo siku wewe utakaposamehe wao hawatasamehe, na kila Idi utakuwa unakaa katikati yao. Yule mwanamke usimpigie wala usimfuate. Usiandike fumbo lolote kwenye status.

Kuna kauli moja ninayoitarajia, nakuandaa nayo. Huenda yeye, au jamaa zake, wakasema: "Basi amwoe, iwe halali." Mke wa pili ni jambo lenye sheria zake katika dini yetu, na uadilifu ndio sharti lake la kwanza. Si njia ya kufutia zinaa, wala si adhabu ya wewe kukasirika. Hata kwa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka nia ya ndoa itangazwe siku 21 kabla, na inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba kipato cha mume kitawatia mke na watoto katika dhiki. Mumeo analipa kodi ya vyumba viwili kwa taabu. Usikubali kusukumwa kusema "sawa" kwenye kikao cha watu saba sebuleni. Sema utajibu baadaye, kwa maandishi.

Yapo ambayo yakitokea sitakushauri kungoja. Akikataa kupima. Akiendelea naye baada ya kukata mbele yako. Akikuinulia mkono, sheria hiyo hiyo inakataza mwenzi kumpiga mwenzake, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo beba mtoto, kadi yake ya kliniki, cheti chake cha kuzaliwa na cheti chako cha ndoa, mengine tutayafuata. Ukifika kutaka talaka mahakamani, kwa kawaida lazima shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la Bakwata, baraza kuu la Waislamu Tanzania, na likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kwenda nayo mahakamani. Zinaa ni miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hasa ikiwa imerudiwa au imeendelea baada ya mwenzi kulalamika. Kwa hiyo zile tarehe ulizoandika zitunze. Na usiogope ukiambiwa huna chako kwa sababu unakaa nyumbani: tangu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ipo pia fidia ya ugoni, yaani ya kuzini na mume wa mtu, ambayo unaweza kumdai yule mwanamke. Mimi singeigusa kwa mtu anayetaka kuitengeneza ndoa yake, kwa sababu itamweka mwanamke huyo katikati ya maisha yenu mwaka mzima.

Mimi naamini mumeo anaweza kurekebika, na naamini pia huna deni la kumsamehe. Ukisamehe ukaondoka, nitakupokea. Ukibaki na msamaha ukachelewa mwaka, sitakuharakisha. Nisilolitaka ni uamue ukiwa na usingizi wa saa mbili na njaa. Kula, anayenyonyesha hawezi kufunga kwa huzuni.

Mdogo wako Rehema amefunga chuo. Anaweza kuja kukushikia mtoto wiki mbili, nami sitamwambia sababu. Nijulishe leo jioni majibu ya zahanati, ile tarehe ya mwisho, na siku ya kumpandisha basi.

Mama yako,
Tanga