Deni halifutwi na tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililotugawa wakulima wa zabibu hapa Mpunguzi. Jirani yangu, mama mjane, alimkopesha mnunuzi waliyezoeana zabibu zake zote za msimu mmoja, kwa ahadi ya kulipwa mchuzi wake, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, utakapouzwa. Kila alipokwenda kudai aliambiwa, "Mama, nivumilie kidogo," naye akavumilia, kwani kwa wengi wetu kumfikisha mtu mnayefahamiana mbele ya hakimu ni aibu inayozidi hasara yenyewe. Alipokwenda mahakamani hatimaye, shauri lilitupwa: miaka 6 ambayo Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaitoa kwa madai ya mkataba ilikwisha kupita.

Simlaumu hakimu. Sheria hiyo inamtaka alitupe shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakutaja suala la muda, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kutoa ushahidi: watu hufa, karatasi huliwa na mchwa, kumbukumbu hugeuka. Wapo wanaonitajia Ibara ya 107A ya Katiba, inayoitaka mahakama itende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Lakini ukomo wa muda si sharti dogo la kurukwa, maana ukirukwa leo kwa ajili ya mjane wetu, kesho utarukwa kwa ajili ya tapeli anayedai shamba la marehemu.

Kinachonisumbua ni kwamba uvumilivu uleule tuliomsifia mama huyu, sheria imeuhesabu kuwa uzembe, na mnunuzi sasa anatamba mnadani kwamba mahakama imemsafisha. Haikumsafisha. Haikufika hata kwenye swali la kama alizichukua zabibu. Iliishia kwenye tarehe. Deni lisilodaika mahakamani linabaki kuwa deni, na sijaona kifungu kinachomkataza kulilipa.

Kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ningewaomba mahakimu, wanapotupa shauri la namna hii, wawaeleze wote wawili kwa maneno mepesi kwamba kilichoamuliwa ni kuchelewa kwa dai, na kwamba hakuna aliyeambiwa hadaiwi.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma