Shukrani za familia kwa mliomsindikiza Mama, na kwa jaji aliyesikiliza kesi yake

Sisi watoto, wajukuu na jamaa wote wa marehemu mama yetu tunatoa shukrani za dhati kwa kila aliyesimama nasi tangu alipotutoka hadi tulipomlaza kando ya Baba, nyumbani Taita.

Kumtaja kila mmoja kwa jina haiwezekani. Asanteni daktari na wauguzi, mchungaji na kwaya, kamati ya mazishi, na nyote mliotuma mchango kwa M-Pesa, wakiwemo waliotuma shilingi hamsini na tunajua ndizo walizokuwa nazo. Akina mama wa chama walifika na sufuria na kuni kabla hatujapanga lolote, wakatuambia tuketi. Vijana wa bodaboda walipandisha viti na maturubai mlimani bila kudai hata pesa ya mafuta.

Kwa namna ya pekee tunawashukuru wenzake, manusura wa Agosti 7, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1998. Mlisafiri usiku kucha, baadhi yenu mkiwa na fimbo nyeupe, mkapita mmoja mmoja mkilipapasa jeneza kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuna hotuba iliyotufariji kuliko mikono yenu.

Mama aliacha agizo: siku mtakapowashukuru watu, mtajeni na Jaji Sand. Wengi mliuliza pale kaburini huyo ni nani, kwa hiyo turuhusuni tueleze.

Mwaka 1998 Mama alikuwa karani wa hesabu katika jumba la Cooperative, Nairobi. Ijumaa ile, kama wengi, aliposikia mlipuko mdogo alisogea dirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ulimkuta hapo, na vioo vikamtoa macho yote mawili. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam.

Kesi ya washtakiwa wanne ilisikilizwa mwaka 2001 katika mahakama ya shirikisho jijini New York, mbele ya Jaji Leonard Sand. Mama aliifuata yote kwa redio, na jioni sisi tulimsomea magazeti, ukurasa kwa ukurasa, naye akitusimamisha turudie. Mapema mwaka ule jaji aliamua kwamba hata mgeni anayehojiwa na maafisa wa Marekani nje ya nchi yao, iwe ni Nairobi, ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, ikiwa atashtakiwa kwao. Mama alikasirika sana. Aliona kama waliomtoa macho wanapewa ngao. Ila ushahidi ulivyozidi kutolewa wiki baada ya wiki, hasira ilimtoka, akaanza kusema kuwa kesi inayoendeshwa hivi hakuna atakayeivunja baadaye. Tarehe 29 Mei walipatikana na hatia kwa mashtaka yote 302, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ikathibitisha hatia ya wale waliokata rufaa.

Wawili kati yao walikabiliwa na hukumu ya kifo, lakini jopo la wananchi 12 halikuafikiana. Tarehe 18 Oktoba 2001, katika mahakama isiyo mbali na vifusi vya Septemba 11, Jaji Sand aliwahukumu wote wanne kifungo cha maisha. Wapo majirani waliolalamika. Mama alisema hakutaka mtu auawe kwa ajili ya macho yake, na hatukumsikia tena akilizungumzia jambo hilo kwa uchungu.

Baadaye mjukuu wake alimtafutia habari za huyo jaji. Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1928, na Rais Jimmy Carter ndiye aliyemteua mwaka 1978. Kilichompendeza Mama zaidi ni kesi ya mji wa Yonkers. Mwaka 1985 jaji aliamua kwamba mji ule uliwatenga watu weusi kwa makusudi, katika makazi na katika shule. Madiwani walipokataa kuruhusu nyumba za watu wa kipato cha chini zijengwe, mwaka 1988 akautoza mji faini ya dola 100, inayozidishwa mara mbili kila siku. Mama alikaa kimya akipiga hesabu kichwani, kisha akatangaza: siku ya 10 ni dola 51,200! Akacheka mpaka akashika mbavu. Madiwani walikubali mwezi Septemba mwaka huohuo.

Jaji Sand alifariki Desemba 2016, akiwa na miaka 88. Mama alituomba tuketi, akamwombea kwa Kitaita kama anavyoombewa mtu wa ukoo. Hawakuwahi kukutana, wala jaji hakujua jina lake. Basi kwa familia yake huko Marekani, hata kama maneno haya hayatawafikia: ahsanteni kwa mzee wenu. Mama yetu aliishi miaka mingi akiamini kwamba alisikilizwa.

Ibada ya shukrani itafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao saa nne asubuhi, kanisani kwetu, na baada ya hapo chakula nyumbani. Manusura mtakaokuja kwa basi, tupigieni simu mkikaribia Voi, vijana watawapokea stendi. Mungu awabariki nyote.