Usimwache fundi ajenge ukuta wa ua

Kisumu

Kwako Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Picha za kiwanja chako cha Mbale, huko Vihiga, nimezipata. Ile ya fundi amesimama chini ya ukingo, udongo mwekundu umempita kichwa, ndiyo iliyonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Maneno ya simu hupotea, na haya ningependa umsomee fundi mwenyewe.

Unasema anataka kuinua ukuta wa mawe ya kuchongwa, unene wa inchi 9, wima, kimo cha mita 2, kisha arudishie udongo uleule nyuma. Mkatalie kwa heshima. Huo ni ukuta wa ua, nao hupigwa na upepo tu. Wako ni wa kuzuia udongo wa kilima, nao utasukumwa na udongo huo usiku na mchana. Tena msukumo hauongezeki polepole: kimo kikiwa mara mbili, nguvu ya udongo huwa mara nne, na ile ya kuupindua ukuta huwa mara nane. Ndiyo maana ukuta wa mita 1 husimama miaka, na mwenzake wa mita 2, uliojengwa vilevile, ukatoa tumbo mapema.

Na hapo bado sijataja maji, ambayo ndiyo adui hasa. Mvua ya Vihiga unaijua kuliko mimi. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani 1. Yakikosa njia, hujikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma, huku udongo nao ukilainika na kukosa mshiko. Saruji utaongeza mpaka uchoke, lakini maji yasipotoka ni kazi bure.

Kwa hiyo pesa yako nyingi iende mahali ambapo mgeni hataiona. Nyuma ya ukuta jaza kokoto safi, upana wa sentimita 30 hivi, kuanzia chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo tandika kitambaa cha kuchuja, tope lisije likaziba. Chini kabisa laza bomba lenye vitundu, literemke hadi nje ya ukuta. Ukutani penyewe acha matundu ya bomba la milimita 75, kila baada ya mita 1.5 hivi, yakiinama mbele. Juu ya kilima kata mtaro wa kugeuza maji kabla hayajafika. Na tafadhali, maji ya paa yaende kwenye tangi, yasimwagwe nyuma ya ukuta! Fundi atanung'unika kwamba hela inazikwa. Mwache anung'unike.

Mawe si shida. Huko kwenu Maragoli kumejaa miamba. Ukuta mzito wa mawe wa mita 2 unataka kitako chenye upana wa mita 1 hadi 1.3, msingi uliozama kwenye udongo mgumu usiowahi kufukuliwa, na uso unaolalia kilima, sentimita 10 hivi kwa kila mita. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe pia ni vizuri, maana maji hupita humo yenyewe na kikapu hakivunjiki ardhi ikijongea kidogo.

Ila mimi, kiwanja kingekuwa changu, ningegawa mteremko: kuta mbili za mita 1 kila mmoja, wa juu ukirudi nyuma mita 2 au zaidi, usije ukaulemea wa chini. Kipande cha ardhi utapoteza, ndiyo, lakini hapo katikati utapanda nepia na ng'ombe watakushukuru. Kama nyumba itakaa karibu na ukingo wa juu, hata hivyo mtafute mhandisi aje aupime udongo.

Kazi ianze Januari, kabla ya mvua ya Machi. Mchimbe kipande kwa kipande, kijana asiachwe chini ya ukingo mrefu ulio wazi. Ukuta umwagiwe maji angalau siku 7, saruji ikomae, ndipo mjaze nyuma, tabaka za sentimita 15 zikishindiliwa kwa mkono, si kwa mashine nzito.

Nitumie bei ya lori la mawe huko, na kipimo cha ukingo kutoka kona hadi kona, nikupigie hesabu ya kokoto. Msalimie Mama na watoto.

Jirani yako wa zamani