Kamati ya ajira ipewe tarehe ya kuvunjwa

Mhariri,

Wanaotaka iundwe kamati ya kuishauri serikali kuhusu ajira ya watu wenye ulemavu siwapingi. Kinachonikera ni kamati isiyo na mwisho, ambayo wajumbe wake huzeeka nayo wakinywa chai ya mikutano. Iundwe, lakini siku inapotangazwa, itangazwe pia siku itakapovunjwa.

Marekani walifanya hivyo. Sheria ya 2014 iliunda kamati ya kumshauri waziri wa kazi, ikaagiza ripoti ya awali ndani ya mwaka mmoja, ripoti kamili ndani ya miwili, kisha kila mjumbe arudi kwao. Humo walikuwamo maafisa, waajiri, wasomi, na watu wenye ulemavu wa akili wakijisemea wenyewe. Septemba 2016 wakakabidhi ripoti bila kumung'unya maneno: ile ruhusa ya tangu 1938 ya kumlipa mfanyakazi mwenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara iondolewe hatua kwa hatua. Kitaifa bado ipo. Mwishoni mwa 2024 wizara ilipendekeza kuifuta, na 2025 ikaliondoa pendekezo lake yenyewe. Hata hivyo ripoti imeandikwa, na anayeitetea ruhusa hiyo ana kazi ya kuijibu.

Hapa kwetu Kenya sheria hazijatupungukia. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataja asilimia 5 ya watu wenye ulemavu katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja asilimia 5 ya ajira, na mpya ya 2025 imeshikilia hiyo hiyo. Kuna hata msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi, jambo jema kabisa, ila wa kusamehewa sharti kwanza awe na mshahara.

Mimi sioni. Nilisoma shule ya wasioona ya Kibos, hapa Kisumu, kisha nikajifunza kuendesha swichibodi, ule mtambo wa kuunganisha simu za ofisi. Kwa miaka mingi nilikaa mapokezi ya kampuni moja, nambari za idara zote zikiwa kichwani. Baadaye ikaletwa sauti ya mashine: "Kwa mauzo, bonyeza moja." Pale kwenye moja ndipo palipokuwa na kiti changu. Kwa hilo simlaumu mtu.

Lakini sikia tangazo nililotumiwa mwaka huu. Lilikuja kwa WhatsApp, karatasi iliyopigwa picha, na ile programu inayonisomea maandishi ya simu ikatamka "picha" basi, ikanyamaza. Mpwa wangu akanisomea. Anatakiwa karani wa kupokea simu za wateja. Awe na cheti, azungumze Kiswahili na Kiingereza, akijua Dholuo ni vizuri zaidi. Nikaanza kuwaza nguo ya kuvaa siku ya mahojiano. Mpwa akaendelea: "Awe na leseni halali ya udereva." Na chini kabisa: "Watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi."

Karani wa simu anaendesha gari kwenda wapi? Nikapiga kuuliza. Binti aliyepokea, mwenye adabu zake, akaniambia sharti hilo walilikuta kwenye tangazo la zamani. "Huwa tunalinakili tu, mama."

Sidhani kuna aliyekaa akapanga kunifungia mlango. Ndiyo maana hotuba za kuhamasisha waajiri hazinisaidii. Yule binti hakuwa na chuki ya kuondolewa, alikuwa na karatasi ya kurekebishwa.

Kwa hiyo kamati ikija, ianze na matangazo ya kazi ya serikali za kaunti na ya waajiri wakubwa. Ipitie sharti moja moja na kumuuliza mwajiri linahitajika kwa shughuli gani. Lisilo na jibu lifutwe. Serikali nayo iwajibu wajumbe kwa maandishi, pendekezo kwa pendekezo, ndani ya miezi mitatu. Na miongoni mwa wajumbe wawemo wanaotafuta kazi sasa hivi, si viongozi wa vyama peke yao. Hao viongozi nawaheshimu, ila wengi wao tayari wana ofisi.

Msomaji wako,
Nyalenda, Kisumu