Barua kwa Shoga Yangu wa Malindi

Mkomani, Lamu

Kwako shoga yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia pamoja na nakala ya majibu ya maabara aliyokuletea mwanao kutoka ng'ambo, na macho yangu yaliganda pale palipoandikwa kwamba umri wa damu yako, yaani umri wa mwili unaokadiriwa kwa kupima damu, ni miaka 61, ilhali wewe una 52. Waniuliza iwapo ndiyo kusema siku zako zimepunguzwa. La, sivyo.

Kipimo hiki hutazama vialama vya kikemikali viitwavyo methili, ambavyo hukaa juu ya DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, na kuchangia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Wewe uliyehitimu chuoni utaelewa upesi: herufi ni zile zile, lakini irabu na sukuni ndizo ziongozazo usomaji. Mwaka 2013 Steve Horvath, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba umri wa mtu waweza kukadiriwa kwa kusoma vialama vya maeneo 353 tu ya DNA, na mwaka 2019 kikatoka kipimo cha GrimAge, kilichoundwa makusudi kubashiri vifo, ambacho husoma maeneo 1,030 na kuhesabu hata athari ya sigara. Miongoni mwa watu waliopona saratani kama wewe, wale ambao umri wa damu yao umeutangulia umri wa kuzaliwa huonekana, kwa jumla, kufariki mapema zaidi; hilo silikanushi.

Lakini hayo ni maneno ya kundi, si ya Zuhura. Ndani ya kundi hilo hilo wamo wenye namba kubwa walioishi miaka mingi. Isitoshe, damu yako ilitolewa baada ya tibakemikali, yaani dawa kali za saratani, na mionzi, na matibabu hayo hubadilisha mchanganyiko wa chembe nyeupe za damu, ambamo vialama hivyo husomwa. Tena GrimAge ilisanifiwa kwa damu ya watu wa Framingham huko Marekani, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Sisi wa pwani hii hatukuwamo.

Ipo alama ambayo madaktari huitegemea kweli. Katika uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma, jeni ya MGMT ikinyamazishwa na methili, dawa ya temozolomide hufanya kazi vizuri zaidi: katika utafiti wa mwaka 2005, nusu ya wagonjwa wa aina hiyo waliopewa dawa hiyo pamoja na mionzi waliishi zaidi ya miezi 21.7, na kwa waliopewa mionzi pekee ilikuwa miezi 15.3. Alama hiyo humsaidia daktari kuchagua dawa. Namba yako wewe, kwa sasa, haimchagulii chochote, na ndiyo maana nasikitika kwamba uliletewa bila mtu wa kukufafanulia.

Mpe daktari wako karatasi hiyo, umuulize kama kuna lolote atakalolibadilisha kwa sababu yake. Akisema hakuna, iweke kabatini. Kliniki ya mwezi ujao usiikose, wala picha ya matiti ya kila mwaka. Niarifu siku yenyewe, nije tufuatane.

Wasalaam,
Shoga yako, Mwanaisha